Mwalimu anang'atuka: kabla ya kutaja majina, tukubaliane kikundi chetu cha ndege kinafanya kazi gani

#1 — Mnana wa Nakuru (mwanzisha uzi)

Wapenzi wa ndege, hamjambo nyote, wa Nakuru, wa Kisumu na wa Kakamega.

Wengi wenu mmeshasikia. Jumapili iliyopita tulipomaliza matembezi ya ukingoni mwa Ziwa Nakuru, Mwalimu aliketi juu ya jiwe, akafunga daftari lake, akatuambia kwamba mwaka huu ukiisha anakabidhi uenyekiti. Magoti yamekataa, na anahamia kwa binti yake. Hakutaja mrithi. Hatujafika hata stendi ya matatu, simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe: fulani anafaa, fulani hafai, huyu ni wa Kisumu, yule ana kamera kubwa.

Naomba tusianzie kwenye majina. Nimo kikundini miaka 9 na nimekaa karibu na Mwalimu kiasi cha kujua kinachoondoka akiondoka. Madaftari 14 ya hesabu yamo kwenye sanduku la bati chumbani kwake. Darubini zetu 3 ziko kwake, pamoja na ile kubwa ya miguu mitatu. Pesa za kikundi ziko kwenye laini yake ya M-Pesa. Askari wa langoni wanamjua yeye. Sisi wengine ni "wale watu wa Mwalimu". Jioni baada ya kuhesabu, ni yeye anayejumlisha, na sijawahi kumwona mtu mwingine akishika kalamu hiyo. Hakuna aliyeiba kitu hapa wala aliyeng'ang'ania cheo. Mtu mmoja alipenda kazi, akaibeba, nasi tukamwachia mzigo kwa sababu hakuwahi kulalamika.

Sasa kuhusu mwelekeo, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mwalimu alianzisha kikundi wakati ziwa lilikuwa bado la waridi. Heroe wadogo, hawa tunaozoea kuwaita flamingo, waliwahi kufika zaidi ya milioni moja kwa wakati mmoja. Siku hizo ukiulizwa kikundi kinafanya nini, ulinyoosha kidole ziwani. Halafu kuanzia mwaka 2010 hivi maji yakaanza kupanda. Heroe mdogo anaishi kwa kuchuja mwani mdogo usioonekana kwa jicho, nao mwani huo unasitawi kwenye maji ya magadi makali. Maji ya mvua na ya mito yalipozidi, magadi yakazimuka, mwani ukapungua, na heroe wakatafuta chakula Ziwa Bogoria na kwingineko. Lango kuu la zamani la hifadhi likamezwa na maji. Watu wa mtaa wa Mwariki, ukingoni mwa ziwa, wakahama nyumba zao. Samaki wakaongezeka, na sasa wanaotamba ziwani ni mwari na mnandi. Heroe huja, huondoka, hurudi. Hatuwezi tena kuwafanya kalenda yetu.

Kikundi hakikukaa chini kujiuliza baada ya hapo. Tukawa tunazunguka tu. Wikendi hii picha, wikendi ile pikiniki, mwezi mwingine tumealikwa mahali na watu wanaotaka kuuza viwanja.

Mimi nasema kazi yetu ni kuhesabu. Mahali pale pale, siku ile ile, mwaka baada ya mwaka, heroe wawepo wasiwepo. Nairobi kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi yaliyoanza 1971 yakiongozwa na Fleur Ng'weno. Ukienda Jumatano utawakuta watu, huhitaji kumpigia mtu simu kuuliza kama yapo. Ningependa sisi tuwe na siku ya namna hiyo, halafu tumtafute mtu wa kuilinda siku hiyo. Hata hesabu ya siku ambayo ziwa lilikuwa tupu ina thamani, kwa sababu bila hiyo mtu wa baadaye hatajua ni lini walirudi.

Toeni maoni. Majina yasubiri.

#2 — Kwenzi

Mimi ningempendekeza Kamera ya Njoro. Ana gari, ana muda, na anajulikana.

#3 — Mnandi wa Dunga

Dada Mnana, umeandika kwa moyo na nimekusoma mara mbili. Lakini andiko lako zima lina ziwa moja tu.

Sisi wa Kisumu tuko kikundini tangu mwaka wa pili. Mwaka huu tumekuwa na matembezi 8; 6 yalikuwa Nakuru. Ili niwe langoni saa kumi na mbili asubuhi, ama nalala kwa mtu, ama nashuka kwenye matatu ya usiku nikiwa nimepita Ahero, Kericho na Mau Summit bila kufumba jicho. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku kadhaa nyumbani. Silalamikii nauli. Nalalamika kwamba nikifika naulizwa, "Na huko kwenu kuna ndege gani?"

Huku kwetu kuna gonoleki wa mafunjo. Kwa wasiowahi kumwona: mgongo mweusi, kifua chekundu kama kaa la moto, utosi wa dhahabu. Anaishi kwenye mafunjo tu, togo kama tunavyoyaita, na Dunga, huku ufuoni mwa Ziwa Victoria, ni moja ya mahali pachache Kenya unapoweza kumsikia ukiwa umekaa kwenye mtumbwi na kikombe cha chai mkononi. Yupo na wenzake wadogo wa rangi ya kahawia ambao wapiga picha hawawataki kwa sababu hawang'ai.

Ziwa Nakuru ni hifadhi ya taifa tangu 1968, liko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, tangu 1990, na mwaka 2011 likawa urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Lina ua na askari. Mafunjo ya Dunga hayana lango. Yanakatwa kwa mikeka na viti, na siwalaumu wanaokata maana ni majirani zangu na wanalipa karo kwa mikeka hiyo. Lakini kiangazi yanachomwa pia, na moto hauchagui. Wewe mwenyewe umesema heroe akikosa chakula Nakuru anaruka hadi Bogoria. Gonoleki akichomewa mafunjo yake harukii popote.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba tuhesabu. Tuhesabu nini, na wapi, hapo hujaniridhisha. Na mwenyekiti ajaye asiwe mtu ambaye hajawahi kupanda mtumbwi wetu.

#4 — Kamera ya Njoro

Kwanza, Kwenzi, asante, lakini sijasema nagombea.

Pili, nimehisi kidole kikielekezwa kwetu tunaopiga picha, nami nataka kujibu bila hasira. Nimeambiwa mara nyingi kwamba picha ni anasa na hesabu ndiyo kazi. Niwaeleze kisa kimoja. Kuna ndege wa nyasi anayeitwa kwa jina la Sharpe, wa manjano kifuani, mwenye kucha ndefu za nyuma. Haishi popote duniani ila Kenya, kwenye nyanda za juu zenye nyasi fupi: Kinangop, na huku kwetu pande za Mau Narok na Molo. Nyasi zinalimwa viazi kila msimu na ndege anabaki bila mahali. Mwaka juzi nilimwonyesha mzee mmoja mwenye shamba picha niliyoipiga kwenye malisho yake mwenyewe. Aliishika simu yangu kwa mikono miwili. Aliniuliza, "Huyu anakaa kwangu?" Amekuwa akimkanyaga maisha yake yote bila kumwona. Kipande kile cha malisho hajakilima hadi leo, na kila nikipita ananiita kuniambia amewaona wangapi.

Hakuna jedwali la hesabu lingemfanya mzee yule ashike simu kwa mikono miwili. Msitutoe kwenye kazi ya kikundi kana kwamba sisi ni wageni wa harusi.

#5 — Mnana wa Nakuru

Kaka Kamera, kisa hicho hukuwahi kutuambia, na nimefurahi umekileta. Nakubali nilikosea kuzitaja picha pamoja na pikiniki. Ombi langu ni moja: tunapokuwa kwenye hesabu, anayehesabu asiachwe peke yake kwa sababu wenzake wamemkimbilia ndege mmoja mzuri. Imetokea Januari mbili mfululizo na ulikuwapo.

Mnandi, umenigusa pabaya. Nitarudi kwako nikishafikiri.

#6 — Hondohondo wa Kakamega

Salamu kutoka msituni. Huku mvua imenyesha usiku kucha na sasa hivi nawasikia shorobo wakubwa wa buluu wakiitana juu ya nyumba. Najua wengi wenu hupanda matatu kwa ajili ya ndege huyu.

Sikupanga kuandika, lakini kwa vile tunazungumzia mtu wa kutuongoza, lazima niseme lililotokea mlipokuja mara ya mwisho. Mmoja wetu alichomoa spika ndogo akapiga sauti ya ndege karibu na kiota. Si mara moja. Karibu dakika 20. Ndege dume alikuwa anaruka huku na huko akidhani mpinzani ameingia kwenye himaya yake, jike alikuwa ameacha mayai, na mvua ilikuwa inakuja. Waongozaji vijana wa hapa walisimama kando wakiangalia chini. Wao wanakatazwa kufanya hivyo na wanaheshimu. Sisi, watu wa kikundi chenye jina, tulifanya, na hakuna aliyesema neno. Mimi pia sikusema, kwa kuwa mwenye spika ni mkubwa wangu kwa umri na alinilipia chai asubuhi ile.

Nilirudi siku ya tatu. Kiota kilikuwa baridi. Siwezi kuapa kwamba ni spika iliyofanya hivyo, maana msituni nyoka na nyani wapo. Lakini silali vizuri nikikumbuka.

Kiongozi ninayemtaka ni yule anayeweza kumwambia rafiki yake, mbele ya watu, "Zima hiyo." Sijali anatoka wapi. Sijali ana darubini ya bei gani. Na nataka iandikwe kwenye katiba yetu: karibu na kiota hakuna spika, na picha ya kiota haiwekwi hadharani ikiwa na jina la mahali.

#7 — Kwenzi

Mzee Hondohondo, spika ilikuwa yangu. Nilidhani kila mtu hufanya hivyo. Naomba radhi kwako na kwa wale vijana. Nitakuja kuwaona mwenyewe.

#8 — Hondohondo wa Kakamega

Karibu, ndugu yangu. Chai itakuwa juu yangu.

#9 — Kanga Mweka Akiba

Mimi si mjuzi wa majina ya ndege kama nyinyi. Niko kikundini kwa sababu mume wangu marehemu alipenda mambo haya, nami nikayapenda baada yake. Ila nimekuwa mweka hazina wa vyama vitatu vya akina mama, na suala la pesa na karatasi nalijua.

Kwanza, hatujasajiliwa. Tangu sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, kikundi kinahitaji watu wasiopungua 10, katiba yake na viongozi wake, kisha kinakwenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Sio jambo gumu. Tukiwa na cheti tunaweza kufungua akaunti yenye waweka saini watatu, na pesa haitoki bila wawili kati yao.

Pili, na hili naomba mlisikie. Kwenye chama changu cha kwanza, akiba yetu ilikuwa kwenye laini ya mama mmoja mwaminifu kuliko sote. Alifariki ghafla mwezi wa nane. Laini ilifungwa, na pesa zikawa mali ya marehemu. Tulihangaika miezi 7, tukiingia na kutoka kwenye maofisi, tukiwaeleza watoto wake waliofiwa kwamba zile pesa si za mama yao. Wale watoto walitutazama kama wezi. Urafiki wa miaka mingi uliisha hivyo, na hakuna aliyekuwa na kosa. Mwalimu ni mzima na Mungu amzidishie miaka, lakini pesa zetu zitoke kwenye laini yake mwezi huu, tusingoje uchaguzi.

Tatu, mweka hazina na mwenyekiti wasitoke mji mmoja.

#10 — Mbayuwayu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, nasoma Maseno, nilijiunga mwaka jana.

Nitasema ukweli na naomba nisieleweke vibaya. Nimeibeba ile darubini ya miguu mitatu mara 5. Nimechungulia ndani yake mara 1, na nilipoinama nikasikia "haraka, haraka, ndege ataondoka". Sijawahi kupewa sehemu ya ufuo nihesabu mwenyewe. Wenzangu wawili niliokuja nao wameacha. Hawakuacha kwa sababu ya nauli. Mmoja aliniambia, "Kule tunaenda kuwa wapagazi."

Sasa kuhusu ugomvi wa Nakuru na Kisumu, labda kuna njia. Mnajua kuna mradi wa ramani ya ndege wa Kenya ulioanza 2013. Nchi yote imegawanywa vijisanduku, kila kimoja kama kilomita 9 kwa 9. Mtu anachagua kijisanduku, anazunguka ndani yake saa 2 au zaidi, anaandika kila aina anayoiona au kuisikia kwa mpangilio anaokutana nao, na anaweza kuongezea kwenye orodha hiyo hadi siku 5. Inafanyika kwa simu. Huhitaji ziwa wala lango. Nyumbani kwetu Vihiga nimefanya kijisanduku chetu mara 3, nikipita kwenye chai, mikaratusi na kisima cha shule. Nilipata aina 61 bila kupanda matatu hata moja, na mama yangu sasa ananipigia simu akiona ndege asiyemjua.

Ukitazama ramani hiyo, Nairobi na Naivasha vijisanduku vimejaa rangi. Huku magharibi kuna vingi ambavyo havijaguswa vya kutosha. Ningependa kila mwanachama awe na chake karibu na nyumbani. Halafu Januari tukutane sote kwenye hesabu ya ndege wa majini, ile ambayo Makumbusho ya Taifa na wenzao wamekuwa wakiifanya tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mwaka mmoja tujigawe, wengine Nakuru, wengine Dunga.

#11 — Mnandi wa Dunga

Binti, umeniondolea usingizi wa mchana. Huo ndio mwelekeo. Mimi nachukua kijisanduku cha Dunga, na kile kinachofuata kuelekea Ahero kwenye mashamba ya mpunga. Korongo wenye taji wanashuka pale na watu wanachukua makinda yao kwenda kuuza. Mtu akiwa anapita kila mwezi na daftari, watajua wanaangaliwa.

Na samahani kwa ile darubini. Nilikuwapo siku ile ya "haraka, haraka". Labda hata sauti ilikuwa yangu.

#12 — Kamera ya Njoro

Vijisanduku nakubali, mia kwa mia. Lakini tusikimbie swali la uchaguzi. Nani atapiga kura? Kwenye kundi la simu tuko 63. Waliolipa ada mwaka huu, nilimuuliza Mwalimu, ni 22. Waliofika matembezini angalau mara 3 nadhani hawafiki 15. Mkisema wote 63 wapige, watu ambao hawajawahi kulowa umande watatuchagulia kiongozi. Mkisema waliolipa tu, Mbayuwayu na wenzake ambao hawana kitu watakaa nje.

#13 — Kanga Mweka Akiba

Aliyefika mara 3 au aliyeleta orodha 3 za kijisanduku chake ahesabiwe mwanachama. Ada ya mwanafunzi iwe robo. Jasho nalo ni ada.

#14 — Hondohondo wa Kakamega

Naunga mkono. Na iwe kura ya siri, kwa karatasi na sanduku. Najua kuna waliopendekeza tusimame nyuma ya wagombea ili imalizike haraka. Sisi tuliokuwapo kwenye uchaguzi wa 1988, ule wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, tunaujua mlolongo. Niliona mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi mchana kweupe, na niliona majirani walioacha kusalimiana kwa sababu kila mmoja alimwona mwenzake amesimama wapi. Kwenye kikundi cha watu 20 tunaopanda mtumbwi mmoja, sitaki kujua nani hakunichagua.

#15 — Mwalimu

Wanangu, na ndugu zangu.

Kijana wa jirani amenisaidia kusoma yote, kisha nimeandika mwenyewe polepole. Nimefurahi hamkuanza na majina.

Mnana, umesema kazi yetu ni kuhesabu. Ulinisikia nikisema hivyo mara nyingi, kwa hiyo kosa si lako. Lakini sikuanzisha kikundi ili kuhesabu. Nilikianzisha kwa sababu ya manati. Nilikuwa nikifundisha darasa la sita, na wavulana wangu walikuwa wakiua ndege njiani kuja shule, wanawapanga kwenye uzi kama samaki. Nilichapa, haikusaidia. Siku moja nilikuja na darubini ya kuazima nikamwambia mmoja wao, anayelenga kuliko wote, anipe manati yake kwa saa moja nami nimpe hii. Alipanda juu ya mti wa mgunga akakaa hadi kengele ikalia. Aliposhuka aliniuliza kwa nini yule ndege ana jicho jekundu. Sikujua jibu. Tukaenda kutafuta pamoja. Hapo ndipo kikundi kilipoanza, watu wawili na swali moja.

Hesabu ilikuja baadaye, ili wale watoto wawe na kazi ya kufanya na macho yao.

Binti Mbayuwayu, maneno yako yameniuma kuliko magoti. Uliibeba darubini mara 5 na mimi nilikuwa mbele yako nikitembea. Mtoto wa manati nilimpa darubini siku ya kwanza. Wewe ulikuja bila manati, nikakupa mzigo.

Na niseme kuhusu madaftari, kwa nini yamekaa kwangu. Yalikuwa 15. Moja nililiazima mtu miaka mingi iliyopita, na halikurudi. Lilikuwa la mwaka ambao heroe walijaa hadi huoni maji. Nilihuzunika kama aliyefiwa, nikaapa la pili halitoki. Nililinda karatasi na nikasahau kwamba mtu anayejua kuhesabu ni salama kuliko daftari. Yachukueni yote. Mbayuwayu ayapige picha ukurasa kwa ukurasa, na akikwama kwenye mwandiko wangu anipigie simu, nitakuwa hai.

Sitamtaja mtu wa kunirithi. Lakini mkitaka kujua ningemtazamaje mgombea, ningemuuliza swali hili tu: ni nani uliyemfundisha kumtambua ndege wake wa kwanza, na mtu huyo yuko wapi sasa?

Pesa nitazihamisha Ijumaa mkinipa mahali pa kuziweka.

#16 — Kamera ya Njoro

Mwalimu, nimelijaribu swali lako usiku kucha. Nina picha zaidi ya elfu 20. Niliyemfundisha ni yule mzee wa viazi peke yake. Sitagombea mwaka huu. Nataka kwanza nipate wa pili.

#17 — Mnana wa Nakuru

Nami nimelijaribu, na majina yangu ni mawili, wote wapwa zangu, mmoja ameshaacha. Nimeandika aya nyingi kuhusu siku ya kuhesabu na sikuandika hata sentensi moja kuhusu mtu wa kuhesabu naye. Naondoa nusu ya pendekezo langu la kwanza na kuweka hili mahali pake; anayepinga aseme kabla ya Jumapili.

Tunakutana Kericho, katikati ya njia, ili asiwepo anayelala kwa watu. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi, waliofika mara 3 au walioleta orodha 3. Kura ya siri. Mwenyekiti wa miaka 2, akirudia mara moja basi, kisha anakaa pembeni hata kama tunampenda. Makamu atoke upande mwingine wa Mau. Mama Kanga asimamie usajili na akaunti, kama atakubali. Kanuni ya spika na viota iingie kwenye katiba kama Mzee Hondohondo alivyoisema, neno kwa neno.

Kila mwanachama achague kijisanduku. Nitaweka orodha hapa kesho; tayari Dunga na Vihiga vina wenyewe, nami nachukua cha Mwariki, niwatazame ndege wanaoingia kwenye nyumba zilizoachwa. Siku ya kuhesabu ziwani, kila anayejua anaambatana na mmoja anayejifunza, na anayejifunza ndiye anayeshika kalamu. Anayejua atakuwa anataja tu. Itatuchelewesha, najua. Januari ijayo Dunga ihesabiwe siku moja na Nakuru, na Mnandi ndiye atakayetupangia mitumbwi.

Mwalimu, tunakuomba uje Kericho. Hutapanda wala kushuka popote, tutakuwekea kiti.

Limebaki moja. Sanduku la bati lina uzito na mvua za Novemba mnazijua. Nani ana gari lisilovuja?

#18 — Kwenzi

Nina pikapu yenye turubai, lakini sanduku halitakaa nyuma. Litakaa mbele na mimi. Mbayuwayu akiwa njiani kutoka Maseno aniambie yuko wapi, nimchukue, alishike mapajani.

#19 — Mbayuwayu

Nitakuwa stendi ya Kisumu saa moja asubuhi. Nimeshanunua karatasi za nailoni za kufungia kila daftari.